Kiangazi cha kufukua mizizi, Kabare

Shamba lile liko Kabare, juu ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye mteremko. Msimu A uliotangulia, yaani msimu wa kupanda unaoanza mwezi wa tisa, maharagi yalisongwa na nyasi yenye mizizi inayotambaa chini kama kamba, ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Digitaria abyssinica. Tuliikatakata kwa jembe mwezi wa tisa, udongo ukiwa umelowa. Hapo ndipo tulipoharibu: kila pingili ya mzizi ina jicho, na kipande chenye jicho moja kikibaki kwenye udongo wenye maji, kinachipua. Kumbe jembe letu lilikuwa linapanda.

Mwezi wa saba, jua likiwa kali, mama mmoja mzee wa shamba la pembeni alikuja na jembe lake. "Mwanangu, hii hailimwi. Hii inafukuliwa."

Jembe lilizama karibu sentimita 30, maana mizizi mingi imelala humo. Bonge la udongo halivunjwi siku hiyo. Linapinduliwa tu, mizizi itazame jua. Baada ya siku kumi tulirudi, tukapiga mabonge kwa mgongo wa jembe, tukakung'uta, kisha tukaokota kwa mkono hata vipande vifupi kama kidole. Kuokota ndiko kunakochosha, na ndiko watu wengi wamekuacha siku hizi. Inaniuma, kwa sababu bila kuokota, kufukua kote ni bure.

Kijana aliyetusaidia alirundika fungu lake kwenye ukingo wa ngazi ya shamba, maana mteremko umekatwa kama ngazi. Mama akamwambia aliondoe lote: mvua moja ikinyesha, fungu linashika udongo, na maji yanateremsha vipande hadi ngazi ya chini. Kuitupa mizizi kwenye shimo la mbolea nako alikukataa. Ilianikwa juu ya mawe mpaka ikawa ukiikunja inavunjika kwa mlio, ndipo ikachomwa. Majivu yalikwenda kwenye migomba.

Mvua zilipoanza tulipanda viazi vitamu, marando ya sentimita 30, juu ya matuta. Tulipalilia mara mbili: wiki ya tatu, na tena kabla marando hayajafungana. Baada ya hapo kivuli chake ndicho kilichozuia magugu. Wakati wa palizi mama aliiruhusu lengalenga ikue ichumwe kwa mboga, lakini kishona nguo aliking'oa kabla ya ua, maana mbegu zake zinanasa kwenye nguo za mpaliliaji na kuhamia shamba la pili.

Tulipovuna viazi, mizizi michache tuliyoikuta ilikuwa imeingia kutoka mpakani, upande wa chini, ambako hakukufukuliwa. Mama akachimba mfereji kwenye mpaka wote, kina cha jembe moja, na kila Jumamosi alipita akikata ncha nyeupe zilizochungulia.