Tableti moja, kioo cha fundi na vifuniko vya soda: tunavyocheza D&D Kansanga bila bando

Nianze na walionishauri vibaya, maana wamenitia hasara. Ukiuliza mtandaoni namna ya kutumia tableti kwenye michezo ya kuigiza wahusika mezani, utajibiwa na watu ambao hawajawahi kununua bando la siku maishani mwao. Mmoja aliniambia kila mchezaji awe na tableti yake. Mwingine akasema nilipie usajili wa kila mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Wa tatu, huyu wa hapa hapa Kampala na anajiita fundi wa kompyuta, akaniapia kwamba bila Wi-Fi ya nyumbani nisijisumbue, bora niwatandikie watu ludo. Leo tunacheza karibu kila Jumamosi, watu watano, tableti moja ya mtumba, na usiku mzima hatuli hata MB moja. Kwa hiyo naandika haya nikiwa nimekunja nne.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja husimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na penye shaka dadu huamua. Miaka mingi watu waliucheza kwa penseli na karatasi na hakuna aliyelalamika. Kwangu tableti iliingia kwa sababu ya vitabu. Kuagiza kitabu kutoka nje, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni afadhali ununue mbuzi. Bahati nzuri, Januari 2023, baada ya mashabiki kuchachamaa juu ya mabadiliko ya leseni, wenye mchezo walikiachia kiini cha sheria zake, kinachoitwa SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuitumia bure. Ni PDF ya kurasa mia nne na ushee, ya halali, bure, unaipakua mara moja na biashara imeisha. Wale wanaokutumia vitabu vya wizi WhatsApp achana nao. Vingi ni picha za skana, faili zito kama gunia, na ukitafuta neno ndani yake hulipati.

Ila PDF ya kurasa mia nne kwenye tableti kuukuu ni adha. Ukiruka kutoka ukurasa wa majini hadi wa uchawi, inaganda, wachezaji wanaanza kuulizana habari za Arsenal, na mchezo umekufa. Nikaikata vipande kwa programu ya bure ya kukatia PDF. Anayecheza mpiganaji apewe kurasa za mpiganaji, anayecheza mchawi apewe uchawi wa ngazi aliyofikia, basi. Vipande hivyo nawarushia kwa Xender, programu ya kurushiana faili bila bando, simu kwa simu. Msimulizi peke yake ndiye mwenye kitabu kizima, na hata yeye awe na alama za kurasa anazozitumia kila wakati.

Sasa habari ya bando. Nilimsikiliza kwanza yule wa usajili. Kuna meza za mtandaoni, ramani inakaa kwenye seva ng'ambo na kila mchezaji anaiona kwenye kioo chake. Kwa waliotawanyika miji mbalimbali ni kitu kizuri. Sisi tuko chumba kimoja, magoti yanagusana, na bado ramani ilikuwa inavuka bahari kwenda na kurudi ili jirani yangu Mkongo amwone goblini, kijizimwi cha mchezoni, aliye mbele ya pua yake. Nikanunua bando nono, nikawasha hotispoti, nikawagawia neno la siri. Simu zilipoona Wi-Fi zikadhani zimefika kwa tajiri. Ya dada mmoja muuguzi ikaanza kusasisha programu zake zote. Ya binamu yangu ikaanza kupandisha picha za harusi, na harusi zetu mnazijua, picha mamia za watu walewale wakikata keki ileile. Bando lililotakiwa kufika wiki ijayo likakata roho wahusika wakiwa bado baani wanakunywa, hata safari haijaanza. Tangu Julai 2021 data hapa Uganda ina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo hata serikali ilikula kipande cha keki ile.

Na hata kama pesa unayo: aliyekuwa nchi hii Januari 2021, intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, hana haja ya kuelezwa kwa nini sitaki mchezo wangu wa Jumamosi ukae kwenye seva ya watu.

Jambo ambalo yule fundi wa ludo hakulijua, au hakutaka nilijue, ni kwamba hotispoti haihitaji intaneti. Unazima data, unawasha hotispoti ya tableti, wenzako wanaunganisha, na mnakuwa na mtandao wenu wa chumbani usiolipiwa na mtu. Kwenye tableti nimeweka kijiprogramu cha seva, viko vingi vya bure, kinachofungua folda moja tu kwa walio kwenye mtandao huo. Mchezaji anafungua brauza, anaandika anwani, anaona picha ya jumba la mfalme, barua iliyookotwa, uso wa muuza dawa asiyeaminika. Tableti yangu ni ya Android ya zamani, anwani yake haibadiliki, 192.168.43.1, kisha namba ya mlango (port) ambayo programu yenyewe inakuonyesha. Android mpya hubadilishabadilisha anwani, kwa hiyo isome kwanza kabla hujawatangazia watu. Kuna mtego mmoja uliotusumbua sana: simu ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti inakuuliza kama ubaki au utoke, na mtu asipojibu, inarudi kimyakimya kwenye data yake na kukwambia ukurasa haupatikani. Jirani yangu alikaa akinilaumu muda mrefu, kumbe simu yake ilikuwa imeshahama. Siku hizi sharti la mlangoni ni viatu nje, data zima.

Ramani ndiyo iliyonitoa jasho, na ndiyo ninayojivunia.

Ramani za mchezo huu huchorwa kwa miraba, kila mraba ni futi 5, na mezani kwa kawaida mraba ni inchi moja. Niliona watu mtandaoni wanalaza televisheni nzima ndani ya meza. Mimi nina tableti ya inchi kumi, kioo chake ni kama sentimita 21 kwa 13. Askari wa plastiki wa kuwakilisha wahusika sina, nina vifuniko vya soda, navyo kwa upana vinakaribia sentimita tatu. Basi nikaikuza picha hadi mraba utoshe kifuniko, na ramani ikabaki miraba saba kwa minne. Mshauri wa dola alicheka alipoona picha yake. Acha acheke. Mle pangoni wahusika wana mwenge mmoja, wanaona kadiri mwenge unavyomulika, na miraba saba kwa minne inatutosha. Wanachokiogopa kiko nje ya kioo.

Tatizo vifuniko vya soda ni chuma. Kioo cha tableti hakijali uzito, kinahisi umeme mdogo wa mwili wa mtu, na chuma kinaupitisha vizuri kabisa. Ukikishika kifuniko kukisogeza, tableti inaona kidole. Binamu yangu alimpeleka mpiganaji wake hatua mbili kwa heshima zote, ramani nzima ikavutika naye, na goblini waliokuwa wamejificha nyuma ya mawe wakajikuta katikati ya mto. Akadai wamezama. Tulibishana juu ya hilo kuliko tulivyocheza. Nikahamia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Nafuu kidogo, lakini vidole bado ni vidole, na mkono wa shati la muuguzi ulikuwa na tabia ya kutufungia ramani ya pango. Nikawasha kile kipengele cha Android cha kuibana programu moja isitoke kiooni. Kweli haikutoka, ila ramani iliendelea kuteleza humohumo.

Nikaenda kwa fundi vioo Katwe. Nikamwomba kipande cha milimita nne, kipana kuliko tableti kwa vidole viwili kila upande, kingo azisage zisikate mtu.

“Ni ya dirisha gani hii, mzee?”

“Si ya dirisha. Ni ya kufunikia tableti.”

Akanitazama. “Mzee, protekta zinauzwa pale nje.”

Nikamlipa kama elfu kumi hivi, huenda na zaidi kidogo, nikaondoka na dharau zake. Nyumbani nikakata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, nikavipanga pembeni mwa tableti ili kioo kikae juu yake bila kuigusa. Ule unene wa kioo pamoja na ile nafasi ya hewa vinatosha, tableti haihisi tena kitu. Weka chuma, weka kiganja, weka sahani ya rolex, ile chapati yetu ya mayai, ramani imetulia tuli. Jirani yangu aliwahi kumwaga Mirinda yote juu yake katika kushangilia. Tukapangusa, tukaendelea.

Utaniuliza nabadilishaje ramani ikiwa kioo hakihisi vidole. Mausi ya Bluetooth, bwana. Nimeiweka pajani, chini ya meza. Wao wanaona mlango wa pango unafunguka wenyewe na hakuna mkono uliogusa kitu. Muuguzi alipoona mara ya kwanza alirudisha kiti nyuma. Sikuwaambia siri hiyo kwa muda mrefu na sijutii.

Angalizo la taa: balbu ya darini inajitokeza kwenye kioo, unaiona balbu badala ya joka. Zima ya juu, weka taa ndogo sakafuni. Gizagiza likiingia chumbani hata sauti yangu ya jini inaaminika zaidi. Na usizibe pande zote kwa ile tyubu, acha upenyo, tableti yenye mwanga wa juu inachemka na ikichemka inajipunguzia mwanga yenyewe. Kwenye upenyo huohuo pitisha waya wa pawabanki. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya vita, na huisha katikati ya vita, sisi hatushtuki.

Vifuniko vya chuma sikuvitupa. Dadu za pande 20, ambazo mchezo huu unazitegemea, sikuwahi kuzikuta sokoni, kwa hiyo tulianza na programu ya dadu kwenye tableti. Inafanya kazi bila intaneti, haina kosa lolote, na haikumfurahisha mtu hata mmoja. Jirani yangu ana mchawi anayeitwa Bwana Deni. Bwana Deni akipata moja, namba mbaya kuliko zote, basi tableti ya mtu imetengenezwa China kumwonea yeye. “Kaka, hiki kidude kinakupendelea, ni chako.” Ungemwonyesha hesabu usiku kucha asingekuelewa, maana mtu anataka bahati yake aishike mkononi.

Nikachukua vifuniko 20 vya soda vya aina moja, nikavipa namba, nikavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Unatikisa, unachomoa kimoja, unasoma, unarudisha. Kila namba ina nafasi asilimia tano, sawasawa na dadu halisi, mradi urudishe kabla ya mwingine kuchomoa. Mara ya kwanza namba nilizikwaruza kwa msumari, na binamu yangu ghafla akawa shujaa wa taifa. Ishirini, kumi na tisa, ishirini. Alikuwa anazisoma kwa ncha ya kidole mfukoni, muhuni yule, huku amefumba macho kama anayeomba dua. Sasa zimeandikwa kwa maka peni, kwa ndani, na anayechomoa hapewi muda wa kupapasa. Kwa dadu za pande sita tunatumia za ludo, kwa hiyo ushauri wa fundi haukupotea wote.

Karatasi za wahusika? Kalamu na daftari. Nimeshajaribu programu za kujaza karatasi hizo kwenye simu, ni nzuri mpaka mtu anapopigiwa na mkewe katikati ya pigano. Uhai wa mhusika unaandikwa na kufutwa mara nyingi mno, penseli inashinda. Simu ibaki ya kusomea kurasa na kupokea barua za siri, ambazo namrushia mchezaji mmoja tu na kuwaacha wengine wakimkodolea macho asome huku akijifanya haijaandikwa kitu.

Wengine gharama wataniuliza. Tableti laki mbili na kitu, ina ufa pembeni. Kioo nimeshasema. Mausi sikumbuki, ilikuwa bei ya kupatana. Soda mlizokwisha kunywa hazihesabiwi.

Muuguzi sasa anataka tujaribu Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, kwa sababu amesikia sheria zake ziko wazi bure kwenye Archives of Nethys. Ni kweli ziko, lakini hiyo ni tovuti, inataka bando kila ukiuliza kitu. Nimemwambia anapokesha zamu ya usiku penye Wi-Fi azihifadhi kurasa tunazozihitaji, aniletee, mimi nitazikata. Binamu yangu amejitolea kutengeneza mfuko mpya wa vifuniko. Tumekataa.