Nilivyomfokea kocha kwa sheria niliyoisaini mwenyewe

Naanza na kukiri: kijitabu cha sheria za klabu ya voliboli ya binti yangu nilikisaini bila kusoma. Kurasa 23, PDF, kilitumwa wiki nzima kabla ya usajili, mi nikakifungua nikiwa kwenye foleni, nikashusha kidole mpaka chini pale pa jina na sahihi, nikasaini, nikajisifu kwamba mambo ya klabu nimeyamaliza kwa dakika moja. Binti yangu alikua na miaka 13, kachaguliwa timu ya mashindano baada ya majaribio ya siku mbili, na kichwani mwangu nilikua nishamvalisha jezi ya taifa. Nani anasoma sera muda kama huo.

Naandika hii kwa sababu msimu mzima nimeshauriwa na wazazi wa jukwaani na karibu ushauri wote ulinipoteza, na wenyewe mpaka saivi wanawapa wazazi wageni ushauri ule ule, na wanajiamini kweli kweli.

Tuanze na ada. Baba mmoja mwenye watoto wawili klabuni aliniambia lipa yote kwa mkupuo, wanaolipa kidogo kidogo makocha wanaona hawako siriasi. Nikalipa. Ilikua kama mshahara wangu wa mwezi na ushee, hapo bado viatu, vilinda magoti, nauli na malazi ya mashindano ya mbali, ambavyo ukivijumlisha vinaikaribia ada yenyewe. Kumbe ukurasa wa 4 kuna malipo ya awamu, kuna mfuko wa kusaidia familia ambao unaomba kabla ya tarehe fulani na kocha hata haambiwi, na kuna punguzo kwa mzazi anayejitolea kazi za mashindano. Hesabu zote ziko kwa mweka hazina, kocha hajui nani kalipa nini. Yule baba nilikuja kumuuliza baadae, kumbe yeye mwenyewe analipa kwa awamu.

Sasa ile siku yenyewe.

Mashindano ya tatu ya msimu, nusu fainali, seti ya pili tuko 19 kwa 21. Binti yangu alianzia benchi, akaingizwa tukiwa 12, akapiga smashi mbili safi, moja nusura impasue mtu kifua, nikasimama, nikarekodi, nikatuma kwa ukoo mzima. Alafu akapokea vibaya mipira miwili mfululizo na kocha akamtoa, akamrudisha yule aliyeanza. Sawa, nikavumilia. Ila yule aliyerudi naye akaanza kupiga nje, moja, ya pili, na hapo mi nikashindwa kujizuia. "Mrudishe! Kocha mrudishe huyo mtoto!" Mama libero (libero ni mchezaji wa ulinzi wa nyuma; kule hatujuani majina, kila mtu anaitwa kwa nafasi ya mwanae) akanigonga bega akasema mwambie, usikubali mtoto wako aonewe, mimi mwaka jana nilinyamaza nikaumia. Baba seta (seta ndo anayewapasia wapiga smashi) naye akaitikia. Nikapata nguvu za ajabu. Nikapiga kelele mpaka refa akageuka kuniangalia.

Tukafungwa 25 kwa 21. Seti ya tatu, ile ya pointi 15, tukafungwa pia.

Nikamsubiri kocha mlangoni. Katoka na mfuko wa mipira begani, jasho linamtiririka, nikamuanza hata salamu sikutoa. Nikamwambia umeua mchezo kwa upendeleo, mtoto ana smashi mbili unamtoa, mwenzie anapiga nje unamwacha, kwa nini hukumrudisha? Aliniangalia, akaweka mfuko chini taratibu, akasema, "Baba, karibu tuongee kesho, saa kama hizi." Akabeba mfuko wake akaondoka. Mi hapo nikaona nimedharauliwa mbele za watu. Binti yangu alikua nyuma yangu, njia nzima hadi nyumbani hakusema neno, kavaa spika za masikioni anaangalia dirisha. Tumeshaingia ndani ndo akasema, "Baba, nisingeweza kurudi. Sheria."

Ikabidi usiku nikitafute kijitabu. Na kanuni za mchezo pia, maana mashindano yetu yanafuata za kimataifa. Yaani nilisoma huku masikio yanawaka. Mchezaji anayeingia kutoka benchi anaruhusiwa kuingia mara moja tu kwenye seti, na anayeweza kumtoa ni yule yule aliyempisha. Akishatoka, seti hiyo kwake imekwisha. Na timu nzima ina mabadiliko 6 tu kwa seti, ukitoa libero ambaye anaingia na kutoka bila kuhesabiwa. Kwa hiyo mi nilikua nasimama mbele ya watu kama 200 nadai kitu ambacho kocha angekijaribu refa angekikataa na pengine timu ingeadhibiwa. Na mama libero, miaka mitatu anakaa jukwaani, hajui.

Alafu ukurasa wa 11 nikakuta ile ya kesho saa kama hizi. Kanuni ya saa 24: mzazi mwenye lalamiko la mchezo anasubiri saa 24 tangu mechi iishe, ndo anaomba kikao kwa maandishi. Na kabla ya mzazi, mchezaji mwenyewe ndo anaanza kuongea na kocha. Ikishindikana, mzazi na mchezaji pamoja. Ikishindikana tena, mkurugenzi wa klabu. Kinachoombewa kikao ni maendeleo ya mtoto wako, mtoto wa mwenzio hajadiliwi na mpangilio wa kikosi haujadiliwi. Chini yake sahihi yangu, ile ya kwenye foleni, imekaa upande kama mjusi.

Ila mi ni mbishi. Nikaweka alamu ya saa 24. Nikaandika meseji ndefu ya kurasa tatu za simu, nikaiacha haijatumwa. Asubuhi nikafuta robo. Mchana nikafuta yote inayomtaja yule mwenzie. Jioni alamu ilipolia imebaki sentensi moja inauliza mwanangu afanye nini aongezewe muda, na hapo binti akaniomba hata hiyo nisitume, atauliza mwenyewe, nisimtie aibu.

Akauliza. Jibu lilikua neno moja: mapokezi, yaani kuupokea mpira wa kuanzisha wa wapinzani.

Sikuamini, ndo nikabuni ujanja wangu ambao najivunia mpaka leo. Mashindano yaliyofuata nilienda na daftari na kalamu, simu nikaacha kwenye begi. Kila mpira wa kuanzisha unaompata yeye nampa alama kama makocha wanavyofanya: 3 ikiwa mpira umefika kwa seta vizuri na anaweza kumpasia yeyote, 2 ikiwa seta amehama kidogo na chaguo zimepungua, 1 ikiwa anaukimbilia tu ili usife, 0 ikiwa imekua pointi ya wapinzani. Nilikua nimepanga kumpelekea kocha ushahidi. Mapokezi 42, jumla ya alama 59. Nikagawa, 1.4. Nikahesabu upya, labda nimeonea mtoto wangu mwenyewe. 1.4. Yule mwenzie anayepiga nje nilimhesabia pia, kwa siri, alikua amevuka 2. Daftari nikalifunga. Kocha hajawahi kuliona, ila binti aliliona, na yeye ndo aliamua kubaki nusu saa baada ya mazoezi anaanzishiwa mipira na seta. Miezi miwili baadae alikua 1.9. Mi nilidhani mchezo ni smashi, kumbe smashi yenyewe inategemea mtu aliyechuchumaa nyuma ambaye hakuna anayemrekodi.

Kuna vitu vingine nilivichukulia ubaya bure. Kocha alikua hajibu meseji za binti yangu. Anamwandikia, anajibiwa kwenye grupu ambalo mi nimo. Nikasema huyu ana maringo. Siku nyingine nimechelewa kumfuata, nikampigia kocha nikamwomba amsogeze na gari lake maana njia ni moja, akakataa, akabaki naye pale mlangoni kwenye taa, yeye na kocha msaidizi, dakika 40 mpaka nikafika. Nikamshukuru kwa mdomo ila moyoni nimekasirika. Ukurasa wa 15: mtu mzima wa klabu haandikiani na mtoto peke yao, hakai naye peke yao kwenye gari wala chumba, wakati wowote wawe watu wazima wawili au sehemu ya wazi. Nilivyosoma hiyo nilikaa kimya kidogo. Wewe mzazi unayesoma hapa, klabu ikikosa huo ukurasa, uulize. Hilo ndo swali moja la kuuliza hata kabla ya ada.

Goti sasa. Katikati ya msimu akaanza kulalamika maumivu chini ya kifuniko cha goti, pale penye kinundu, akigusa anaruka. Grupu la wazazi likawaka: mfunge bandeji, mpe dawa ya maumivu kabla ya mechi, wote wanapitia, atazoea. Nilimpa dawa mara moja, mechi ikaisha vizuri, usiku hakuweza kushuka ngazi. Daktari alisema ni kawaida kwa watoto wanaokua haraka na wanaoruka sana, kano inavuta mfupa pale inaposhikia, jina lake Osgood-Schlatter, mara nyingi inatulia mtoto akimaliza kurefuka. Ila dawa ya kuficha maumivu ili aruke zaidi, akaniangalia kama alivyoniangalia kocha. Tiba ni kupunguza kuruka na mazoezi ya kuimarisha na kunyoosha misuli ya mapaja, na sio lazima aache kila kitu. Kwa hiyo wiki 6 alikua anafanya mapokezi na kuanzisha akiwa amesimama chini, na hapo ndo mapokezi yakanoga, goti likatusaidia bila kutaka.

Kosa langu hapo ni kumwambia kocha kwa mdomo. Nilipotaka kuomba sehemu ya ada ya miezi hiyo ihamie msimu ujao, mweka hazina akaniuliza taarifa ya maandishi iko wapi. Sera inasema marejesho hayapo ila kwa ugonjwa au jeraha, kwa barua ya daktari, na inahesabiwa kuanzia siku ulipoandika. Niliokolewa na baruapepe moja niliyomwandikia meneja wa timu kuuliza ratiba ambayo mwishoni niligusia goti na jina la daktari. Tarehe ikahesabika hapo. Nilikua nimeshapoteza wiki mbili, lakini sio zote. Toka siku hiyo kila ninachomwambia mtu wa klabu kwa mdomo, jioni nakiandika mistari miwili natuma.

Sijamaliza aibu zangu. Mashindano ya kabla ya mwisho tulifungwa mapema, nikamchukua mtoto tukaondoka zetu, hasira hazijaisha. Tuko njiani meneja anapiga: timu yetu ina zamu ya kuchezesha, inayofungwa inabaki kutoa watu wa bendera na wa meza kwa mechi inayofuata, na binti yangu ndo alipangwa mezani. Tukageuza. Tumefika seti inaanza, mwenzie amekaa na fomu ya kuandikia mechi kichwa chini analia kwa sababu haijui. Meneja hakunifokea, alisema tu, "Baba, hiyo fomu wewe ungeiweza." Nikaona ananitania, kumbe hataniwi mtu. Nikafanya mafunzo ya mwandishi wa meza, jioni mbili, bure, yale yale ya punguzo la ukurasa wa 4.

Na hapo ndo nimepona. Mwandishi wa meza hashangilii, halalamiki, hashauri. Unaandika nani anaanzisha, nani katoka, nani kaingia kwa nani, zamu za mzunguko, mapumziko. Mwanao akipiga smashi unaandika pointi tu kama ya mtu mwingine. Mara ya kwanza nilijing'ata ulimi mpaka ukauma.

Wiki iliyopita nimekaa mezani, mechi ya timu nyingine kabisa, seti ya pili, kocha kamtoa binti mmoja mrefu aliyeingia kutoka benchi. Nyuma yangu jukwaani nikasikia baba mmoja anapasua koo: "Mrudishe! Kocha mrudishe huyo mtoto!" na mama mmoja pembeni yake anamwambia usikubali. Nikaangalia fomu, mabadiliko yake yote mawili nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu. Nikatamani nigeuke nimweleze. Refa akapiga filimbi, nikaandika pointi inayofuata. Nitamtafuta kesho, saa kama hizi.