Natazama Vitasa: siku moja ya mkagua nyumba za wageni

Saa 11 alfajiri. Chai ya rangi, chapati moja, gari linanguruma nje. Jirani yangu hapa Nyegezi ananisalimia kama kila siku: "Haya, mtu wa dola!" Nimeacha kumjibu. Mimi ni Mtanzania wa mkataba, nalipwa kwa shilingi, na kazi yangu ni kukagua nyumba watakazofikia vijana wa kujitolea wa Peace Corps kutoka Marekani. Kwa ufupi, natazama vitasa.

Saa 12:40. Usagara, Kigongo, daraja. Zamani foleni ya kivuko ilitumaliza hapa. Tangu Juni 2025 kilomita 3 za juu ya ziwa zinakwisha kabla dereva hajamaliza habari za Simba na Yanga.

Saa 2. Kijiji kimoja upande wa Sengerema. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, kwa wazee, sahihi kwenye kitabu cha mtendaji, kisha shuleni.

Saa 3. Nyumba haina mlango wa nyuma. Pameegemezwa bati. "Fundi yuko njiani," anasema mkuu wa shule.

Utaratibu ni kwamba kijiji au shule ndiyo inatoa nyumba, sisi tunakagua: milango, komeo, nondo za madirisha, choo, maji, mtandao wa simu. Fomu isipokamilika, mgeni haji. Tukakaa chini ya mwembe kumsubiri fundi.

Mwenyekiti wa kijiji akasogeza kigoda. "Huyo Mzungu anakuja na shilingi ngapi?"

Haji na mradi wa hela, mwenyekiti. Nikamweleza tena, kwa mara ya mia maishani mwangu: shirika ni la serikali yao, Kennedy alilianzisha mwaka 1961. Mkurugenzi wake anateuliwa na Rais, Seneti inamthibitisha, fedha zinapitishwa na Bunge lao. Kila nchi ina mkurugenzi wake, na chini yake ndipo tulipo akina sie. Lakini kijana mwenyewe si mtumishi wa serikali. Anapewa posho ya kuishi kama jirani zake, miezi 27, na takriban mitatu ya mwanzo ni mafunzo, Kiswahili kikiwemo.

Akanitazama kama niliyemuuzia ng'ombe asiye na maziwa. "Si jasusi huyo?"

Aliyewahi kufanya kazi CIA hapokelewi kabisa, nikasema. Mzee mmoja akadakia kuwa yeye alifundishwa hesabu na mmoja wao, kabla hawajaondoka nchini mwaka 1969. Walirudi 1979, nikaongezea. "Hesabu zenyewe nimesahau," akasema, tukacheka. Fundi bado.

Saa 6 ikapita. Nikaamua kupima njia ya kwenda stendi. Vijana hawa hawaruhusiwi kupanda bodaboda bila kibali cha mkurugenzi wao wa nchi, kwa hiyo njia hii ni ya miguu. Dakika 50 kwenda, jua la utosini, soli ya kiatu cha kushoto ikaachia. Kurudi sikuhesabu.

Mchana mkubwa hivi fundi akaingia, juu ya bodaboda, mlango kaupakata kama mtoto. Ukasimamishwa kwenye fremu. Umepungua vidole vinne! Mkuu wa shule akanisihi: "Mwalimu, si uandike tu kwamba upo?"

Huwa siandiki. Machi 2020, korona ilipoingia, vijana wote duniani walirudishwa kwao ndani ya siku chache. Mimi ndiye niliyezunguka kukusanya funguo. Nyumba moja sufuria lilikuwa bado jikoni, kitabu cha Kiswahili kimefunuliwa mezani. Mama jirani akaniuliza kama binti yake kafika salama. "Binti yangu," ndivyo alivyosema. Mlango wa nyumba ile niliukagua mimi.

Ugali na sato tumekula saa ngapi, sikumbuki. Giza lilitukuta darajani.

Nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, fomu mapajani. Simu ikaita: mkuu wa shule.

"Tumeongezea ubao, umeingia!"

"Unafunga?"

Kimya. "Kufunga, bado."

Nikaandika: mlango upo, haufungi. Narudi Alhamisi.