Gari la Umeme Lililotetemeka Mlima wa Marangu

Gari lile lilikuwa dogo, la umeme, lililokwisha kutumika Japani na kupita mikononi mwa mtu mwingine Dar es Salaam kabla ya kufika kwangu Moshi. Mtetemeko ulianza taratibu kwenye barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu, ambako mwinuko haumpi dereva nafasi ya kupumzisha mguu. Kila nilipokanyaga kuongeza mwendo, kati ya kilomita 30 na 60 kwa saa, kiti na sakafu vilicheza kushoto na kulia, ilhali usukani umetulia mkononi. Nikiondoa mguu, utulivu ulirudi papo hapo.

Kwa kuwa gari ni la umeme, kila niliyemweleza aliulaumu umeme. Balansi ya magurudumu ilifanywa bila faida yoyote. Kijana mmoja wa Arusha anayeshughulika na magari ya namna hiyo alichomeka kifaa kidogo cha bluetooth kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, akawa anasoma taarifa kwenye simu yake huku mimi nikipandisha barabara ya Ilboru. Alichokitafuta kilikuwa cha maana: betri ya gari hilo ina jozi 96 za seli zilizounganishwa mfululizo, na jozi moja ikichoka, volti zake huporomoka kuliko za wenzake pale mota inapovuta umeme mwingi. Zote zilishuka pamoja na kupanda pamoja. Hapakuwa na msimbo wa hitilafu ya mota, wala ya inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, wala ya kitambuzi kinachoiarifu inveta mkao wa rota, sehemu ya mota inayozunguka.

"Kaka, huku kwangu gari ni zima," akaniambia. "Mwone fundi wa miguu ya gari."

Fundi niliyemwendea Majengo, Moshi, alikuwa mzee aliyezoea Noah na Corolla, na hakuwahi kugusa gari la umeme. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi pembeni yangu na kusema, "Haya mwalimu, panda nalo." Aliniamuru nikanyage, niachie, kisha nikanyage tena tukiwa kwenye mwendo uleule. Baadaye akaniuliza kama gari lina namna ya kupunguziwa nguvu. Nilipobonyeza kitufe cha Eco, mtetemeko ukapungua nusu. Kwake hilo lilitosha. Gurudumu lisilo na balansi hutikisa kwa kufuata mwendo, hata mguu ukiwa umeondolewa, lakini gari letu lilitikisika kwa kufuata nguvu inayopita kwenye ekseli, chuma kinachopeleka mzunguko wa mota kwenye gurudumu.

Gereji, vijana wake walisimama mbali kana kwamba gari lingewarukia. Mzee alizima gari, akatoa waya wa betri ndogo ya volti 12, akaonya mtu yeyote asiguse nyaya nene za rangi ya machungwa, kisha akaingia chini. Mauntini, yaani vishikizo vya mota, alizisukuma kwa mtaimbo, zikawa imara. Jointi ya ndani ya ekseli ya kushoto, kiungo kinachoiwezesha ekseli kujikunja huku ikizunguka, ndiyo iliyolegea. Buti lake la mpira halikuwa na ufa wowote, lakini lilipofunguliwa, grisi ilikuwa imekauka na kuwa kama ugoro. Aliifuta, akanishika kidole na kuniburuzia ukucha kwenye njia mojawapo kati ya tatu ambamo roli za jointi huteleza. Ukucha ulikwama kwenye kishimo ambacho macho yangu hayakuwa yamekiona.

Hapo mambo yalieleweka. Roli tatu zisipoteleza vizuri, husukuma ekseli pembeni mara tatu kwa kila mzunguko. Kwa tairi lenye mzingo wa karibu mita 2, kwenye kilomita 40 kwa saa hiyo ni misukumo kama 17 kwa sekunde. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gari linapoondoka, na dereva anapoachia mguu nguvu hiyo hugeuka upande wa pili ili kurudisha chaji, hivyo jointi hukandamizwa mbele na nyuma kutwa nzima.

Lakini mzee hakuishia hapo, na ndiyo maana namthamini kuliko mafundi wengi wenye kompyuta. Alionyesha spesa nene zilizowekwa juu ya springi na mwenye gari aliyenitangulia, ili gari liinuke lisigonge mashimo. Kuinua kule kuliiinamisha ekseli kuliko ilivyokusudiwa, na jointi ikafanya kazi kwenye pembe mbaya. Kubadili jointi pekee kungekuwa kununua ugonjwa uleule upya. Kuzitoa spesa kabisa nako nilikuogopa, kwa sababu betri iko chini ya sakafu na njia ya kwetu ina mawe. Tulibishana kidogo, tukakubaliana kuweka nyembamba zaidi.

Ekseli ya mtumba ililetwa na basi kutoka Dar es Salaam. Mzee aliifungua na kuikagua kwa ukucha wake kabla ya kuifunga, akatia grisi mpya, akaongeza oili kwenye giaboksi kufidia iliyomwagika. Tulipanda hadi Marangu Mtoni nikikanyaga kwa makusudi kila penye mwinuko, na kiti hakikucheza. Alinikataza kusafiri mbali kabla ya kufanya alaimenti, kwa kuwa kushusha gari hubadilisha pia mkao wa magurudumu ya mbele, nami nikalipeleka asubuhi iliyofuata.