Buti la kauboi na vichokoo vyake: kila kipande kina kazi

Anayenunua buti la kauboi kwa mara ya kwanza huangalia nakshi kwanza. Aanze na kisigino. Buti hili ni chombo cha kazi, na ukishaelewa linavyofanya kazi ndani ya rikabu, pale mpanda farasi anapotia mguu, huwezi tena kuuziwa buti bovu kwa sababu tu rangi imekupendeza.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wasio na soko la karibu. Kuanzia 1867 makundi yaliswagwa hadi kwenye reli huko Abilene, Kansas, na waswagaji walishinda juu ya tandiko kwa wiki nyingi mfululizo. Wengi walivaa mabuti ya kijeshi yenye kisigino kifupi na ncha butu, na mafundi wa kule wakaanza kuyarekebisha. Charles Hyer alitengeneza mabuti Olathe, Kansas, tangu 1875. H. J. Justin alianza kazi Spanish Fort, Texas, mwaka 1879, karibu na mto Red River ambako mifugo ilivushwa. Vichokoo, vile vyuma vinavyofungwa kisiginoni kumhimiza farasi, vyenye gurudumu kubwa la meno vilikuwa vimeshafika zamani, pamoja na wapanda farasi wa Mexico.

Kisigino cha kupandia kina kimo cha sentimeta 4 hadi 5, na upande wake wa nyuma umelala kuelekea mbele, kwa hiyo chini ni kidogo kuliko juu. Kimo hicho kinazuia mguu usipenye rikabu ukatokea upande wa pili. Mguu ukipenya na farasi akakutupa, ataondoka mbio akikuburuta. Ndiyo sababu buti halina kamba, soli yake ni ya ngozi inayoteleza, na mdomo wake ni mpana: likinasa, mguu uchomoke na buti libaki. Soli ya mpira yenye meno makubwa inafaa kwenye matope, lakini inang'ang'ania rikabu, na hapo usalama wote unapotea. Kuna pia buti la kisigino kifupi cha karibu sentimeta 3, la wale wanaoruka kutoka kwenye farasi na kukimbia kumfunga ndama. Kwa kutembea mjini ndilo ninalolipendekeza.

Mistari ya uzi kwenye shingo ya buti inapendeza, lakini kazi yake ni kushika ngozi ya nje na bitana pamoja ili shingo isimame isijikunje kifundoni. Ile mishono midogo juu ya vidole inazuia bitana isiachane na ngozi pale mguu unapokunjwa kila hatua. Sasa geuza buti uangalie sehemu nyembamba ya soli, kati ya kisigino na wayo wa mbele. Kwenye buti lililotengenezwa vizuri utaona safu za vijiti vidogo vya mbao vilivyopigiliwa. Mbao hufura na kunywea pamoja na ngozi kadiri unyevu unavyobadilika, kwa hiyo vijiti hubaki vimekaza. Msumari wa chuma hushika kutu, ukalegea na kuila ngozi inayouzunguka. Ndani ya sehemu hiyohiyo kuna kipande cha chuma kinachobeba uzito wako ukisimama kwenye rikabu. Jaribu kulikunja hapo kwa mikono: likikunjika, liache dukani.

Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi utakazozivalia. Kwa kuwa hakuna kamba, kinachoshika mguu ni sehemu ya juu ya wayo, na hapo pasilegee hata kidogo. Pakilegea, mguu utateleza mbele na vidole vitagonga, na hakuna dawa ya kudumu. Sehemu pana ya wayo wako ikae kwenye sehemu pana ya soli. Ncha usiihesabu, kwa sababu iko mbele ya vidole na huwa tupu. Kisigino cha mguu kwenye buti jipya kinapaswa kuinuka kidogo unapotembea, milimita 6 hadi 12 hivi, kwa kuwa soli bado ngumu. Ikianza kukunjika, mwinuko huo hupungua. Wengi hurudisha buti zuri kwa sababu hiyo na kuchukua saizi ndogo inayowaumiza miaka yote.

Kuvua, tumia ubao wenye mpasuko wa V. Kukanyaga kisigino kwa ncha ya buti la pili kunavunja ngozi ngumu inayozunguka kisigino kwa nyuma, na kichokoo kinategemea hapohapo.

Juu ya kisigino, kwa nyuma, mafundi huacha ukingo mdogo unaojitokeza. Pete ya kichokoo, yaani chuma kile chenye umbo la U, hukaa juu yake. Bila ukingo huo kichokoo huteremka na kuning'inia. Pima upana wa buti lenyewe kwa nje pale ukingoni, usipime mguu. Pete za wanaume mara nyingi zina upana wa karibu sentimeta 8 kwa ndani, za wanawake karibu 7. Pete ikibana sana, itakwaruza ngozi. Ikipwaya, itazunguka na gurudumu litamgusa farasi wakati hukukusudia. Chuma cha kawaida kinaweza kupanuliwa polepole kwa mkono, lakini chenye fedha iliyopachikwa mpelekee fundi, maana fedha itabanduka. Mkanda hupita juu ya wayo na bizimu hukaa upande wa nje. Ikikaa ndani, itakwangua tandiko na ubavu wa farasi. Wengine huongeza mnyororo mfupi unaopita chini ya soli mbele ya kisigino, na huo unazuia pete isipande juu.

Urefu wa mkono wa kichokoo, ule unaoshika gurudumu, uendane na miguu yako. Mwenye miguu mirefu huning'iniza kisigino chini kuliko tumbo la farasi, hivyo mkono mrefu unamwepusha kuinua goti kila mara. Mwenye miguu mifupi akitumia mrefu atamchoma farasi bila kujua.

Gurudumu ndilo linalohukumiwa kimakosa kuliko kitu kingine chochote. Kubwa lenye meno mengi huonekana katili, lakini huwa pole, kwa sababu msukumo unagawanyika kwenye meno kadhaa kwa wakati mmoja. Dogo lenye meno machache na makali linaelekeza msukumo wote mahali pamoja. Bonyeza meno kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako na uyaviringishe. Yakikuuma, tumia tupa hadi yawe butu, halafu lainisha kwa msasa. Lazima pia lizunguke kwa kusukumwa na ncha ya kidole. Likikwama kwa kutu au nywele linaburuta badala ya kuviringika, na hapo ndipo manyoya hunyonyoka na kidonda huanza. Tone moja la mafuta kwenye pini linatosha. Pini ikilika hadi gurudumu linaegemea upande, ibadilishe.

Farasi huombwa kwanza kwa msuli wa mguu wako. Asipojibu, gurudumu huviringishwa ubavuni, halipigwi. Kwa maoni yangu, ambaye mguu wake bado unayumba tandikoni asivae vichokoo kabisa.

Jioni, vua vichokoo na ufute buti kwa kitambaa chenye unyevu. Jasho la farasi na mkojo wa zizini huozesha uzi upesi kuliko matope. Likilowa, jaza karatasi, ulilaze kivulini, na uzibadilishe zikishika maji. Moto na jua kali hunyweza ngozi na kuipasua. Mafuta ya ngozi yawe kidogo, kwani yakizidi shingo hulegea na mishono yote ile haiwezi kuisimamisha. Mombasa au Dar usilifungie kabatini, ukungu utaliwahi. Na kipande cha chini ya kisigino kibadilishwe kabla hakijalika kufikia tabaka za ngozi, kwa sababu zikishaliwa upande mmoja fundi hulazimika kukijenga kisigino upya.