Kopo la Afande na chungu cha shangazi

Mwaka 2020 corona ilinikuta chuo Kampala, serikali ikasema shule na vyuo vyote vifungwe kufikia tarehe 20 mwezi wa 3, nikapanda taxi kwenda kwa shangazi Busia, mji wa mpakani na Kenya, huku upande wetu wa Uganda, nikijua ni wiki mbili tu alafu narudi. Mnakumbuka wenyewe. Mpaka ukafungwa, siku chache mbele taxi zikazimwa, alafu kafyu ya saa moja jioni, boda akawa haruhusiwi kubeba mtu, mizigo tu.

Sasa Busia bila mpaka ni nini? Mji mzima unakula kwa mpaka. Shangazi mwenyewe alikua anavusha nyanya na vitunguu kila siku ya soko, anauza upande huu anauza upande ule, na siku ile ikabaki tu malori yamepanga foleni hadi huwezi kuona mwisho, na madereva wa malori watu wanawakimbia juu redio kila jioni inasoma wagonjwa na wengi ni wao. Posho, yaani unga wa mahindi, kilo 6 na maharagwe kilo 3 kwa mtu, ile ya serikali, ilikua ya Kampala na Wakiso, sisi wa mpakani tuliisikilizia redioni.

Mvua nayo ilikua imeshaanza, na watu ambao hawajashika jembe miaka walianza kulima hadi nyuma ya choo. Hapo ndo mambo ya mbegu yakaanza. Duka la dawa za kilimo lilikua wazi lakini lilikua limebaki na pakiti za haibridi tu, F1, bei imepanda. Jirani mmoja akaja na akili yake: yeye ana nyanya za F1 kwa shamba, kubwa, ngumu, tamu, si tutoe mbegu humo tuweke? Shangazi akamwambia zile kula, usiweke. F1 ni mtoto wa baba na mama tofauti kabisa, ukipanda mbegu yake wajukuu wanatawanyika, mmoja anarudi kwa babu, mwingine huyo hata hujui ametoka wapi. Unaweza kula, ndio, lakini hujui utakula nini, na wakati wa njaa sio wakati wa kucheza kamari.

Yeye alikua na chungu chake. Kilikaa jikoni, ile jiko ya nyasi ya nje, kwenye kona ya baridi mbali na mafiga, kimefunikwa na kimezibwa kwa kitambaa na udongo. Ndani kulikua na vichupa na vifurushi vya mbegu: dodo (mchicha), saga (mgagani), mrenda, kunde imechanganywa na majivu, malenge, na nyanya zile ndogo za kienyeji ambazo zinaota zenyewe hata kwenye takataka. Alijifunza kwa kikundi cha akina mama zamani, na alikua mkali na hizo mbegu kuliko na pesa. Malenge kwa mfano, ua la kike alikua analifunga jioni kabla halijafunguka, analifunga kwa kamba ya mgomba, la kiume pia, asubuhi anafungua anapakaza poda ya ua la kiume kwa la kike mwenyewe kisha anafunga tena, eti nyuki hana adabu, anatoka kwa malenge ya jirani anakuja kwa yako na miguu michafu.

Ukweli mimi nilikua naona ni mambo ya wazee. Hadi Afande akaja na kopo.

Afande ni mzee jirani, alikua jeshini, akastaafu akaenda Iraq kulinda kambi za Wamarekani kama Waganda wengi wa wakati ule. Alirudi 2012 na koti zito, kisu cha kukunja na kopo la bati limezibwa vizuri, alipewa na Mmarekani mmoja aliyekua anamaliza zamu. Kule kwao kuna watu wanaweka mbegu za mboga kwa kopo, zisizo za haibridi, wanangoja vita au mwisho wa dunia, wanaweka store. Afande naye akaliweka juu ya kabati chini ya mabati, miaka nane, hata watoto walikua hawaruhusiwi kuligusa. Jioni hio akaingia kabla ya kafyu amelishika kwa mikono miwili.

"Mama, saa imefika. Hii ndo dharura yenyewe."

Shangazi akaliangalia, akaligeuza. "Ulishaonja?"

"Kuonja nini? Ni mbegu."

"Nauliza ulishapanda hata moja ukaona inaota?"

Hapana. Kopo limeandikwa linakaa miaka mingi, Afande akasoma kwa sauti. Shangazi akasema karatasi haioti, leteni gazeti. Tukalowesha magazeti, kila aina mbegu kumi, tunaviringisha, tunatia kwa kavera, mfuko wa plastiki, tunaandika jina kwa kalamu, na alisema za kwake pia zipimwe, hapendelei mtu. Za chungu na za kopo zikalala pamoja kwenye karai. Nilipewa kazi ya kuangalia kila asubuhi zisikauke, na Afande alikua anakuja kuchungulia mapema kuliko mimi, amesimama pale kama anangoja matokeo ya PLE, ule mtihani wa kumaliza darasa la saba.

Vitunguu vya kopo, sifuri. Saladi, sifuri. Nyanya zao zikatoka nusu, kabichi mbili dhaifu, na yale maharagwe ya kula na ganda, manne kati ya kumi. Afande aliumia sana kwa vitunguu, lakini shangazi wala hakushangaa, mbegu ya kitunguu ni ya mwaka mmoja miwili, haingoji mtu. Na hata ingeota! Baadae nikarudi chuo nikasoma kwamba vile vya nchi za baridi vingi vinataka mchana wa masaa 14 na zaidi ndo vijaze kichwa, na sisi hapa kwa ikweta mchana ni masaa 12 mwaka mzima, ungevuna majani tu. Nikasoma pia kwamba mbegu unyevu wake ukishuka asilimia 1 maisha yake yanakaribia kua mara mbili, na joto likishuka digrii 5 hivyo hivyo. Kumbe kopo lilikua kavu sawasawa, kilichoziua ni joto la yale mabati ya paa.

Lakini na shangazi hakutoka salama. Dodo na saga ziliota zote karibu, malenge pia, ila kunde tulipomwaga tukakuta fukusi wametoboa, majivu hayakutosha, na mrenda ulitoka kidogo sana. Alinyamaza muda. Alafu akachukua chupa ya kioo, akatia chumvi kavu na mrenda, akatikisa, chumvi ikaganda kwa kioo. "Ilikua mbichi," akasema, "niliharakisha, mvua ilinikimbiza." Zilizobaki zikaanikwa upya kivulini.

Kesho yake akagawa. Hapo ndo niliona akili yake, juu mimi ningeficha. Dodo na saga kila nyumba kijiko, malenge mbegu tano tano, na daftari likafunguliwa, ukichukua kimoja utarudisha viwili ukivuna. Nikamuuliza shangazi, si tubaki nazo nyingi hatujui hii kitu itaisha lini? Akasema kunde zangu zimekufa na ziko kwa nani pengine? Hakuna. Dodo yangu ikifa mwaka ujao, iko kwa nyumba kumi. Baada ya wiki tatu hivi majani ya dodo yakaanza kuingia kwa sufuria za watu, na posho ikapata mwenzake.

Nyanya za kopo zilikua nzuri hadi mvua ya mwezi wa 5, ukungu ukala majani yote, zile za takataka ndo zikabaki. Ila maharagwe ya Afande, weee! Yale machache yalizaa bila kupumzika, na maharagwe hayana shida ya nyuki, yanajichavusha yenyewe kabla ua halijafunguka, kwa hio shangazi akaacha ganda zikauke kwa mti akaweka. Mpaka ulipofunguka akaanza kuyavusha. Saa hii ukienda soko la Busia upande wetu kuna wamama watatu hivi ninaowajua wanauza mbegu yake kwa kikombe, wanaiita Baghdad, na Afande akipita anadai asilimia yake, shangazi anafungua daftari anamuonyesha bado ana deni la malenge.