Kona hamsini na saba, kilo kumi na tano za mchele

Nimezaliwa Kilwa Kivinje, mahali ambapo baiskeli haina haja ya gia na mtu anaweza kufika uzeeni bila kushuka mteremko hata mmoja wa kutisha. Mwaka 2010 nikapangiwa kufundisha sekondari moja huko Usangu, Wilaya ya Mbarali, na miezi ya mwanzo nikajiona sijaondoka kwetu: tambarare, joto, mpunga, mbu. Tofauti ilikuwa upande wa kusini tu. Ukifungua mlango asubuhi, milima imesimama pale kama ukuta wa jirani, na wingu limeukalia siku nzima.

Shuleni tulikuwa na wanafunzi waliotoka juu ya ukuta ule, Matamba na vijiji vyake. Walikuwa wakiniambia, "Mwalimu, kwetu hata saa sita mchana mtu anavaa sweta." Nikawaambia waache uongo. Kutoka walipokaa darasani, wakiwa wamelowa jasho, kwao palikuwa panaonekana kwa macho. Mmoja akarudi kutoka likizo na tofaa moja, akaliweka juu ya meza yangu bila neno, kama wakili anayewasilisha kielelezo. Nikalila. Tangu siku hiyo sikutulia.

Nilikuwa na pikipiki ya Kichina ya cc 125, mtumba wa mwalimu aliyehamishwa, niliyoinunua kwa mkopo wa Saccos. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Rujewa na kurudi, lami tupu. Mwishoni mwa Novemba 2011 nikakaa na atlasi ya shule, rula na karatasi ya mtihani iliyoandikwa upande mmoja. Siku ya kwanza: Chimala, Matamba, nikatize uwanda wa Kitulo, nilale Makete. Siku ya pili: Makete mpaka Njombe. Siku ya tatu: Njombe, Makambako, nishike barabara kuu ya Tanzam nirudi nyumbani. Nikapiga hesabu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, nikaona hata muda wa kulala mchana upo. Nikaikunja karatasi nikampelekea Bwana Afya.

Jina lake halisi wengi tulikuwa hatulijui. Alikuwa mstaafu wa idara ya afya, Mkinga wa Makete aliyeoa Usangu akabaki huko, na katika miaka ya themanini alikuwa akipeleka chanjo vijijini kwa pikipiki ya Honda, kijisanduku cha barafu kimefungwa nyuma. Honda yenyewe ilishakufa. Ilikuwa imeegemea mpera nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini ya tangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Vuta kigoda."

Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaisoma karatasi yangu polepole kama anayesoma hati ya shamba. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Chimala mpaka Matamba umeandika dakika thelathini."

"Ndiyo, mzee. Kwenye atlasi ni padogo sana."

"Ni padogo kweli. Na Hamsini na Saba umeiandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika. Watu wa huku barabara ile ya kupanda ukingo kutoka Chimala wanaiita kwa idadi ya kona zake, hamsini na saba, na kwenye atlasi yangu kona zote hizo zilikuwa zimelala ndani ya mstari mfupi kuliko ukucha. Akaniuliza naenda mwezi gani. Desemba, shule ikifungwa. Akaniuliza nafuata nini. Nikaona aibu kidogo kusema, maana mtu mzima haachi nyumba yake kwa jambo kama hilo, lakini nikasema: maua. Kitulo ilikuwa imetangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na mimi maua niliyoyajua ni ya mkorosho.

Bwana Afya akacheka mpaka akatoa miwani. "Basi umeagiza maua na tope kwenye sahani moja. Maua ya kule yanaletwa na mvua, na mvua ndiyo inayoharibu barabara. Ukiwa na akili utakwenda Agosti, kavu, ukatazame nyasi."

"Na Juni, mzee? Likizo nyingine ni Juni."

"Juni asubuhi majani ni meupe kwa sakitu. Mtu wa Kilwa vidole vyake vitashika klachi gani?"

Hapo ndipo mpango wangu wa kwanza ulipokufa. Nilichagua Desemba na tope lake, naye hakunizuia, ila alichukua kalamu akaigawa safari upya. Siku tatu zikawa tano. Siku ya kwanza ikaishia Matamba, mwendo ambao mimi niliuona wa kwenda sokoni. Kila siku niwe barabarani saa kumi na mbili alfajiri na niwe nimefika saa saba mchana, basi. Mvua ya kule, alisema, ina kazi kama mtumishi wa serikali: asubuhi haipo, inaingia baada ya chakula. Makete mpaka Njombe akaipa siku nzima, na sikubishana, maana barabara ile wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na uji masika, hakuna lami. Makete yenyewe ilikuwa bado Mkoa wa Iringa. Njombe ilikuwa haijawa mkoa.

"Halafu," akasema, "kabla ya yote hayo, panda Hamsini na Saba mtupu, bila mzigo. Shuka siku hiyohiyo. Ndipo uje tuongee."

Nikaenda Jumamosi tarehe 17 Desemba. Bendera za sherehe za miaka 50 ya Uhuru zilikuwa bado zinaning'inia Chimala, zimeanza kupauka. Kupanda kulinipa kiburi. Gia ya pili, ya kwanza kwenye kona, ya pili tena, na Usangu ikishuka chini yangu mpaka mashamba ya mpunga yakawa kama vigae. Nilihesabu kona nikapata 52. Karibu na juu injini ikaanza kukohoa, moshi mweusi, nguvu zimepungua kama mtu aliyekula daku akalala. Hewa ya juu ni nyepesi, kabureta inaendelea kumwaga petroli ileile, moto unakuwa mzito. Fizikia hiyo nilikuwa naifundisha kidato cha pili bila kujua kwamba siku moja itanikoholea.

Kushuka ndiko kulikonifunza. Nilifanya alivyofanya kila mtu wa tambarare: nikaiacha gia ya tatu, nikakanyaga breki ya nyuma na kuishikilia. Kufika kama nusu, harufu ikanifikia kwanza, harufu ya mpira na pasi iliyosahauliwa kwenye nguo. Kanyagio likawa laini. Nikakanyaga tena, likashuka mpaka chini, na pikipiki haikupunguza mwendo. Nilichofanya hakikuwa na ustadi wowote: niliielekeza kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, ikajisugua, ikazima, mimi nikakaa mferejini na kiatu kimoja.

Nyuma yangu ilikuwa inashuka Fuso ya viazi, mwendo wa mtu anayetembea. Utingo alikuwa hata hayumo ndani. Alikuwa anatembea kando ya tairi la nyuma na gogo begani, tayari kulitupia chini ya tairi lori likikataa. Akanitazama, akatazama ngoma ya breki inayotoa mvuke kwa matone ya tope, akasema bila kusimama: "Gia uliyopandia ndiyo unayoshukia, braza." Akaendelea na gogo lake. Nilingoja dakika arobaini chuma kipoe, nikashuka kona zilizobaki kwa gia ya kwanza, injini ikinguruma kama inalia, breki nikiigusa tu. Nilihesabu tena kushuka. Zilikuwa 61.

"Umepata ngapi?" Bwana Afya aliniuliza jioni. Nikamwambia zote mbili. "Vizuri. Anayepata 57 mara ya kwanza huwa ameambiwa."

Siku zilizofuata zilikuwa za fundi. Viatu vya breki vipya, cheni mpya, tyubu mbili za akiba. Fundi wa pale kituoni alitaka kunibadilishia jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, aweke ndogo, pikipiki isikohoe juu. Bwana Afya akaja kwa miguu mpaka gereji kukataa. Wakabishana mbele yangu kama madaktari juu ya mgonjwa. Hoja ya mzee ilikuwa kwamba pikipiki inayotoa moshi itarudi nyumbani imenuna, lakini yenye jeti ndogo ukiirudisha chini kwenye joto inachemka mpaka pistoni inang'ang'ania. Nilimwamini mzee. Fundi, kwa kuumia, akanifungia ile jeti ndogo kwenye kipande cha karatasi ya nailoni nikaitia mfukoni mwa shati, na mpaka leo sijawahi kuitumia.

Jambo ambalo walikubaliana ni waya wa klachi. Fundi alipitisha waya mpya sambamba na wa zamani, akaufunga kwa vipande vya tyubu, ncha zikining'inia tayari. Wa zamani ukikatika porini, unachomoa ncha mbili na kuchomeka ncha mbili, huhitaji kufungua chochote kwenye mvua. Niliona ni akili kubwa kuliko pikipiki yenyewe.

Petroli nayo ilikuwa na mjadala wake. Mwaka ule neno uchakachuaji lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Serikali ilikuwa imepandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya na mafuta ya magari. Huko juu petroli ingekuwa ya kwenye chupa za maji, dukani kati ya sabuni na biskuti. Nikabeba kidumu cha lita tano na kitambaa cha kuchujia. Nilikuwa nimekifunga nyuma kabisa kwenye keria. Bwana Afya akakifungua, akakihamishia mbele ya magoti yangu: uzito ukikaa nyuma, kwenye kona ya kupanda tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani haukusikilizi. Hilo nilikuwa nimelionja kona ya thelathini na kitu.

Kisha akaanza kupunguza mzigo. Blanketi la pili, nje. Sufuria, nje. "Unakwenda kwa watu au kwa nyani?" Atlasi, nje. Spana za fundi zikabaki nne na bisibisi moja. Nilikuwa nimepungukiwa karibu kilo kumi na nikaanza kuipenda hesabu yake, ndipo mkewe akatoka ndani na mifuko mitatu ya mchele, kilo tano kila mmoja.

"Huu wa Matamba," akasema mzee. "Huu wa shemeji yangu, ukishavuka Kitulo. Huu wa Bulongwa, kwa dada yangu."

"Mzee, si tulikuwa tunapunguza mzigo?"

"Mchele si mzigo. Ndiyo nyumba zako za kulala hizo."

Wiki ya Krismasi mvua ikaniharibia usingizi. Tarehe 20 na zilizofuata Dar es Salaam ilifurika, Jangwani watu wakapanda juu ya mapaa, redio haina habari nyingine. Mama akapiga simu kutoka Kilwa. Hakuniuliza juu ya breki wala kona. Aliuliza, "Huko milimani unamfuata nani?" Nikamwambia napeleka mchele wa watu. Akaridhika kabisa, na kwa mara ya kwanza nikaona mzee alikuwa amenipa kitu cha maana kuliko nyumba za kulala.

Jumanne tarehe 27, saa kumi na moja na nusu, nikapitia kwake kuaga. Alikuwa ameshaamka, kikoi kiunoni, tochi mkononi. Akaimulika pikipiki kuanzia tairi la mbele, akabonyeza breki, akavuta kila kamba. Mwisho akanimulika mimi. Akaingia ndani akatoka na gazeti la siku kadhaa nyuma lililokuja na basi la Mbeya, akalikunja mara mbili, akafungua zipu ya koti langu na kulitandaza kifuani juu ya fulana.

"Upepo wa kule haupiti gazeti," akasema. "Tulikuwa tunafanya hivyo na chanjo."

Kwa hiyo nilipanda Hamsini na Saba na mafuriko ya Dar es Salaam kifuani. Gia ya kwanza na ya pili tu, kidumu kikinigonga magoti, mchele umetulia nyuma. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ndani ya helmeti. Kwenye kona ya 43 mvua ikaingia kazini mapema, tena kwa nguvu, nikapoteza hesabu. Juu baridi ikanipokea ambayo sikuwa na jina lake. Nilipofika Matamba, saa nne kasoro asubuhi, meno yalikuwa yanagongana kiasi kwamba sikuweza kutaja jina la mtu niliyekuwa namtafuta. Nilinyoosha tu karatasi aliyoiandika Bwana Afya, na vijana wa kijiweni wakanipeleka mpaka mlangoni.

Mama mwenye nyumba alipokea mchele kwanza, akaupima kwa mkono, ndipo akanipokea mimi. Akanikalisha jikoni karibu na moto, akanivua koti kama anamvua mtoto. Gazeti lilikuwa limeyeyuka likawa uji. Akalibandua vipande vipande, kisha akasimama akitazama fulana yangu nyeupe, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Wino ulikuwa umehamia kwenye kitambaa, herufi kubwa za kichwa cha habari, kinyumenyume.

"O-K-I-R-U," akasoma taratibu, kidole kikipita kifuani pangu. "Mwalimu, hiki ni Kilwa?"